Jiwe la Mkate

Jua lilikuwa bado halijafika kwenye paa za mabati, lakini uwanja wa mawe ulikuwa umekwisha kuamka. Ko! Ko! Ko! Nyundo ya huyu ikaita, ya yule ikaitikia. Mgeni akipita pale angedhani watu wanafanya mazoezi ya ngoma. Wapi! Walikuwa akina mama wakisaka riziki, kila mmoja amekaa mbele ya lundo lake, miguu ameinyoosha, anaponda mawe makubwa yawe kokoto za kujengea.

Chiriku alipita katikati yao, mkono huu chupa ya chai, mkono huu mdogo wake. Kila siku kabla ya shule hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kumletea mama chai na kumwachia mtoto. Na kila siku aliwasalimia wote, mmoja mmoja, akaulizia kuku wa huyu na kikohozi cha yule, mpaka mama yake amkemee kwamba atachelewa. Jina lenyewe la Chiriku alilipatia hapo hapo uwanjani. "Mdomo wa mtoto huyu hauna breki," Bi Miwani alisema siku moja. "Chiriku mtupu!" Basi jina likamganda, hata mwalimu shuleni akawa analitumia.

Bi Miwani alikuwa mkongwe kuliko wapondaji wote. Alivaa miwani nyeusi ya fundi wa kuchomelea vyuma, ameifunga kisogoni kwa kamba ya kiatu, ili vipande vya mawe visimrukie machoni. Ukimwona mara ya kwanza utacheka. Ukimsikia anavyokusema kwa sababu umecheka, utakoma.

Kazi yenyewe si ya mchezo. Unaweka jiwe juu ya jiwe, unalizungushia pete ya mpira iliyokatwa kwenye tairi kuukuu ili lisiruke. Mkono mmoja unashika pete, mwingine unapiga. Ukikosea tu, kidole. Na tena si kila jiwe linafaa. Kabla ya kuliponda unaligonganisha na lingine, unasikiliza. Likilia "ti!" ni zuri. Likisema "pu" lisogeze mbali, hilo ni jiwe la mkate. Waliliita hivyo kwa sababu lilimeguka bila shida. Uwanja haukuwa na sheria nyingi, lakini hii kila mtoto aliyekulia pale aliijua: jiwe la mkate haliingii kwenye lundo.

Jumatatu moja pete ya Mama ilikatika. Jiwe likateleza, nyundo ikashuka juu ya kidole gumba. Mama hakupiga kelele. Alikibana kidole kwenye kanga, akainama, na machozi yakamtoka kimya kimya. Hospitalini walimfunga bandeji nene na kumwambia asishike nyundo mpaka kidonda kifunge.

"Na lori la Jumamosi?" Mama alimuuliza muuguzi, kana kwamba muuguzi ndiye mwenye lori.

Dereva wa lori hakuwa na huruma sana. Alikuja kulitazama lundo la Mama, akaguna. "Mama, nusu lori mimi sibebi," alisema. "Jumamosi nikikuta bado halijajaa, nachukua kwa wengine. Na wale wengine wakishanizoea, usinilaumu."

Mama alijua maana yake. Wapondaji wote walikuwa wakiishi kwa kazi ya kijungu jiko. Ukikosa lori moja, jiko halikuwaka. Na ukimkosa dereva, hujui utamuuzia nani. Jioni ile Chiriku aliona mama yake akikoroga uji kwa mkono mmoja, macho yako mbali, na uji ukaungua. Akasema moyoni: lundo hili nitalijaza mimi.

Akajitosa. Kila alipotoka shule alivua sare, akakaa mahali pa mama yake, akaponda. Mama alibaki nyumbani na mtoto, mkono umening'inia shingoni. Lakini mkono wa mtoto ni mkono wa mtoto tu. Jumanne akaponda mpaka mabega yakawaka moto, na lundo likaonekana vilevile. Jumatano, vilevile. Alhamisi mchana alikwenda kutafuta mawe kwenye mtaro nyuma ya uwanja, na huko akakuta ukingo umebomoka, mawe meupe yamejaa tele. Akachukua moja, akaligonga. Pu.

Alilitazama. Akatazama huku na huku. Kisha akalipiga nyundo mara moja tu, na jiwe likasambaratika likawa kokoto safi, sawasawa, nzuri kuliko zote alizoponda wiki ile.

Nani atajua? alijiuliza. Zikishachanganywa na saruji, nani atazitafuta?

Mpaka Ijumaa jioni lundo lilikuwa limepanda mpaka kiunoni pake. Meupe aliyaficha katikati, juu akamwagia kokoto nzuri za bluu. Bi Miwani, aliyekaa mbali kidogo, aliinua uso. "Chiriku! Nyundo yako leo mbona inalia kama inapiga godoro?"

"Imelegea mpini, Bibi!" Chiriku alijibu bila kugeuka.

"Haya," Bi Miwani alisema, akaendelea na kazi yake.

Jumamosi dereva alikuja, akazunguka lundo, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na vibarua wake wakalipakia lote. Mama alipopata habari alimkumbatia binti yake kwa mkono mzima. "Wewe mtoto!" alisema. "Wewe mtoto umenitoa kimasomaso!" Usiku ule walikula wakashiba. Chiriku tu ndiye aliyekosa hamu, akamsogezea mdogo wake sahani.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili, siku ya Mama kubadilishwa bandeji. Chiriku alimsindikiza. Ili kufika chumba cha vidonda walipaswa kupita korido ya wodi ya wazazi, na korido ile ilikuwa imejaa. Wanawake wenye matumbo makubwa walilala kwenye mikeka ukutani, mwingine ameegemea mlango, mwingine ananong'ona na kushika kiuno. Wauguzi waliwaruka kama mtu anayevuka madimbwi. Mama alipofika kwenye kona alisimama kidogo.

"Hapa hapa," alimwambia Chiriku kwa sauti ya chini, "ndipo nilipomzaa mdogo wako. Vitanda vilikuwa vimejaa. Watu wanapita na ndoo, mimi niko sakafuni."

Chiriku alikuwa hajawahi kuambiwa. Aliitazama ile sakafu yenye nyufa.

Walipotoka upande wa nyuma, ndipo walipoliona jengo jipya. Salale! Lilisimama kama limeota kutoka ardhini. Chini yake palikuwa na mirunda isiyohesabika, miti mirefu iliyosimamishwa wima, imekazana kama msitu, ikishikilia mbao zilizotandazwa juu. Nguzo za zege zilipanda katikati yake, nene, kijivu, laini. Juu ya mbao nondo zilikuwa zimefumwa kama wavu, na mafundi walitembea juu ya wavu ule wakizifunga kwa waya, wadogo sana, anga lote nyuma yao. Chiriku aliinua shingo mpaka ikamuuma. Alijisikia mdogo, na wakati huohuo alijisikia kama mtu aliyeonyeshwa siri kubwa.

"Wodi mpya ya wazazi hiyo," alisema fundi wa nondo aliyekuwa chini akinywa maji. "Karibuni, tazameni, kutazama ni bure. Kesho asubuhi tunamwaga zege la ghorofa. Wagonjwa watalala juu, na wengine watalala chini yao."

"Juu ya hewa?" Chiriku aliuliza.

Fundi akacheka. "Juu ya zege, binti. Zege likishakauka, mirunda yote hii tunaitoa. Linabaki limejishika lenyewe."

"Linajishikaje?"

"Nondo ni mishipa. Saruji ni gundi tu. Lakini mifupa yake ndiyo ile pale." Fundi akaonyesha kidole kando ya mashine ya kuchanganyia zege.

Lilikuwa lundo la kokoto. Na pembeni mwake, mahali ambapo koleo lilikuwa limechota kidogo, palionekana utepe mweupe.

Mama alilitambua pia, ila yeye aliona bluu tu. Uso wake ukachanua. "Chiriku! Si kokoto zetu zile? Miaka yote naponda, lori linakuja linaondoka, sijawahi hata siku moja kuona zinakwenda wapi!" Alisimama akitazama nguzo, mirunda, wavu wa nondo, na macho yake yakajaa maji. "Mungu wangu. Kumbe ndio hivi. Kumbe ni mimi ninayejenga."

Chiriku aliona akilini mirunda ikitolewa. Akawaona wale wanawake wa koridoni, mmoja mmoja, wamelala juu ya mkate.

"Mama," alisema. "Zile za katikati si nzuri. Niliponda jiwe la mkate."

"Umesema nini?"

Akasema tena, na safari hii akamwaga yote: mtaro, mawe meupe, kokoto za bluu alizofunika juu, na uongo wa mpini. Alilia akisema. Mama alirudi nyuma taratibu, akakaa juu ya tofali. Mkono wenye bandeji akauweka magotini.

"Unajua dereva hatakanyaga kwetu tena?" aliuliza.

"Najua."

"Unajua wiki ijayo tutakula nini? Mimi sijui."

Na hapa nawaambia kweli, Mama naye alipigana na nafsi yake. Lori lilikuwa limekwisha kulipwa. Hakuna aliyejua. Angeweza kumshika binti yake mkono wakaenda zao nyumbani. Aligeuka akautazama mlango wa korido. Mwanamke mmoja alikuwa akitoka kupunga hewa, anatembea kwa kushika ukuta, anapumua kwa shida. Mama akainuka.

"Twende," alisema. "Utasema wewe, na mimi nitasimama nawe."

Injinia wa jengo lile alikuwa mwanamke mwenye kofia ngumu nyeupe na buti zilizoganda saruji. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza Chiriku. Kisha akaenda kwenye lundo, akachimba kwa mkono, akatoa kokoto nyeupe na kuibana kati ya vidole. Ikamomonyoka ikawa unga.

"Asubuhi nilipima za juu," alisema polepole. "Za juu tu. Nilikuwa na haraka." Kisha akapandwa na hasira. "Kesho alfajiri nina vibarua hapa wameshaitwa! Saruji imeshafika! Nitoe wapi kokoto leo Jumapili? Unajua, binti, unajua dari lingeangukia nani?"

"Najua," Chiriku alisema. "Ndiyo maana nimesema."

Injinia alimtazama sana. Mama akaingilia. "Injinia, zikichaguliwa zote nyeupe zikatolewa, zinazobaki ni nzuri?"

"Zinazobaki ni nzuri sana. Lakini nani atachagua lori zima kabla ya giza?"

"Sisi," Mama alisema, na akamtuma Chiriku mbio.

Jumapili ndiyo siku pekee wapondaji walipopumzika, wakafua, wakasukana nywele. Chiriku alikwenda nyumba hadi nyumba, na kila nyumba alilazimika kulisema kosa lake upya. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake, na ilimchoma kuliko fimbo. Wengine walimfokea. Mmoja alisema, "Umetuchafulia jina uwanja mzima!" Bi Miwani alimsikiliza akiwa na povu la sabuni mikononi.

"Niliisikia ile nyundo," alisema mwishowe. "Niliisikia vizuri. Ningeinuka nikaja kutazama, lakini niliona uvivu. Haya, nipe miwani yangu."

Wakaja. Chiriku alisimama kando ya barabara akawaona wanakuja, wote, wengine na watoto mgongoni, wengine nywele zimesukwa nusu, na hakuna aliyekuwa analipwa kwa siku ile. Wakalimwaga lundo likatandazwa, wakakaa katika mstari, wakaanza. Mikono yao ilikwenda upesi kiasi kwamba macho ya Chiriku hayakuifuata. Nyeupe huku, bluu kule. Injinia naye akavua kofia, akakaa chini kati yao.

Na watu wakikaa pamoja wanafanya kazi ya mikono, maneno hutoka yenyewe.

"Hivi shoga," mama mmoja alimuuliza jirani yake, "lori moja dereva anakupa ngapi?"

Mwenzake alimnong'oneza sikioni.

"Ebo! Mbona mimi ananipa chini ya hapo? Aliniambia wewe ndiye uliyekubali bei ndogo, basi nami nisijifanye wa dhahabu!"

"Mimi nikubali bei ndogo? Mimi aliniambia ananiongezea kidogo kwa kunipendelea, nisimwambie mtu!"

"Hata mimi!" alidakia wa tatu.

"Na mimi!"

Bi Miwani alipandisha miwani yake kwenye paji la uso. "Loo! Kumbe tumependelewa sote," alisema, na mstari mzima ukaangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha uchungu. Miaka yote walikaa hatua chache mmoja kutoka kwa mwingine, kila mmoja anaona haya kumuuliza mwenzake bei.

Injinia hakucheka. "Mimi nikinunua lori la kokoto," alisema, "ninalipa mara kadhaa ya hizo pesa mnazotaja. Sikujua kinachowafikia ni hicho. Wala sikuuliza."

"Basi kwa nini," Chiriku alidakia, maana breki zilikuwa zimeshaachia tena, "kwa nini Mama anajenga hospitali na akija kujifungua analala sakafuni? Kwa nini wanaoponda ndio wanaokaa kwenye mabati yanayovuja?"

Mama alimfinya. Lakini injinia alijibu. "Si kwa sababu kazi yao ni ndogo, binti. Umeona mwenyewe leo. Bila kokoto hizi sina jengo. Ni kwa sababu wao wako chini kabisa, na kila mkono unaopitisha lori unamega chake kwanza. Hilo si haki. Siwezi kulimaliza lote. Lakini kokoto za ghorofa ya pili bado sijaagiza kwa mtu yeyote."

Wapondaji walitazamana. Bi Miwani ndiye aliyeelewa wa kwanza. "Tukikodi lori wenyewe? Tukauza sote kwa bei moja?"

"Mkiuza bei moja na kokoto safi, nanunua kwenu," injinia alisema. "Ila mkate sitaki hata kipande."

Jua lilipozama kokoto nyeupe zilikuwa zimejaa pembeni na lundo lilikuwa bluu tupu. Kesho yake asubuhi, Jumatatu, Chiriku aliruhusiwa kutazama kutoka kwenye uzio kabla ya shule. Mashine ilinguruma, vibarua wakapanga mstari kutoka chini hadi juu, ndoo za zege zikapanda mkono kwa mkono bila kusimama, wanaimba, wanatania, jasho linawatiririka, na kule juu zege likatandaa kijivu, linang'aa, likizifunika nondo kidogo kidogo. Alitamani kupiga kelele kwa furaha, na hofu nayo ilimshika papo hapo.

Zege lilimwagiliwa maji siku nyingi ili likomae. Hatimaye mirunda ilitolewa. Jengo likakaa lilivyo. Ghorofa ya pili ikafuata, na kokoto zake zilifika kwa lori lililokodiwa na wapondaji wenyewe. Msidhani walitajirika, hapana. Lakini mabati ya Mama yaliacha kuvuja, na Bi Miwani alinunua miwani isiyo na ufa. Dereva alinuna wiki kadhaa, kisha akaja kuuliza kama naye anaweza kukodishwa.

Siku wodi ilipofunguliwa, injinia aliwaita wapondaji waone kabla wagonjwa hawajahamishwa. Mama alisita chini ya ngazi. Maisha yake yote hakuwahi kupanda ghorofa. Chiriku alimshika mkono wakapanda pamoja. Juu palikuwa na vitanda, mstari mrefu, mashuka meupe, madirisha mapana, upepo unaingia. Waliingia kwa kunyata, kana kwamba mtu amelala. Bi Miwani peke yake ndiye aliyeinua mguu akakita kisigino sakafuni, kwa nguvu, akasikiliza.

"Nzima hii," alisema.

Mama alisimama katikati ya wodi na kumvuta binti yake karibu. "Mwanangu," alisema, "kazi yetu sisi haionekani. Imefunikwa, na hakuna atakayelala hapa akajua jina langu. Kwa hiyo mwenye kujua kama tulifanya kweli au tulidanganya ni mimi na wewe tu. Shida ikikubana, na itakubana tena, sema shida yako mbele ya watu kama ulivyosema kosa lako. Usiifiche katikati ya lundo. Tungesema mapema kwamba lundo limetushinda, hawa hawa waliokuja Jumapili ile wangetusaidia kuponda."

"Hata kesho yake tungekuja," alisema mama mmoja nyuma yao. "Hamkutuambia."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Kabla hajafungua mdomo, muuguzi alitokea mlangoni akiharakisha.

"Pisheni, akina mama, pisheni! Huyu hawezi kungoja!"

Walibanana ukutani. Mwanamke mjamzito aliingia ameshikiliwa na wauguzi wawili, anaugua, uzito wake wote umelalia miguu yake. Alitembea wodi nzima, hatua kwa hatua, mpaka kitanda cha mwisho dirishani, wapondaji wote wakimtazama miguu. Sakafu haikutikisika hata kidogo.